Klachi Haishiki au Haiachi? Walimu wa Kiswahili Wasiidharau Gereji

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi tunaofundisha Kiswahili, kwamba lugha hii hung'aa inapozungumzia mapenzi, mauti, siasa na maadili, lakini inapofika penye chuma na mafuta machafu haina budi kuinamisha kichwa na kukipisha Kiingereza. Dhana hiyo tumewarithisha wanafunzi wetu. Mpe mwanafunzi wa shule ya upili mada ya insha kuhusu machweo ya jua, naye atakumiminia tashbihi na methali hadi karatasi ijae. Mwambie aeleze kwa nini gari la mjomba wake linakataa kuingia gia, atakwama kabla aya ya kwanza haijakwisha. Atakuambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo.

Mimi nasema kinayo, na kwamba maneno yenyewe hayajajificha. Yanasemwa kila siku kando ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, yanasemwa Kariobangi, na yanasemwa katika kila mji ambamo mtu amelaza kadibodi chini na kuingia uvunguni mwa gari akiwa na spana mkononi. Tusiyoyajua ni sisi wenye shahada.

Nimechagua klachi na gia kwa makusudi. Breki mbovu huonekana, tairi lililoisha huonekana, taa iliyoungua huonekana. Klachi haionekani. Imefungiwa ndani ya ganda la chuma kati ya injini na giaboksi, na fundi hawezi kuitia machoni bila kushusha giaboksi, kazi ambayo yaweza kumaliza siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kugusa nati yoyote, fundi mwenye busara hutegemea mambo mawili tu: majaribio machache na maneno ya dereva. Dereva akikosea kueleza, fundi hukosea kutibu, na mwenye gari hulipa. Ni wapi tena ambapo usahihi wa kitenzi una bei ya wazi namna hiyo?

Tuanze na chombo chenyewe, kwa maana hatuwezi kujadili lugha ya kitu tusichokijua. Injini ikiwa hai huzunguka wakati wote, hata gari likiwa limesimama. Magurudumu lazima yaweze kusimama bila injini kuzimika, na dereva lazima aweze kubadilisha gia bila meno ya chuma kusagana. Ndiyo kazi ya klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Mkabala nalo kuna sahani ya klachi, iliyovikwa pande zote mbili utando mgumu wenye kukwaruza. Sahani hiyo hushindiliwa kwenye flaiwili na bamba lenye springi kali, ambalo gereji zote hulijua kwa jina la presha pleti. Mguu wa dereva usipoigusa pedali, springi hushindilia, sahani hushikamana na flaiwili, na nguvu za injini hupita hadi kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga, beringi ya klachi husukuma springi, ushindiliaji hukoma, na sahani huachana na flaiwili. Nguvu hukatika, gia hubadilishwa.

Hapa mwanaisimu husimama kidogo akatabasamu. Kushikamana na kuachana! Lugha yetu ina viambishi maalumu vya kuonyesha kwamba vitu viwili vinashiriki tendo moja, nasi huvifundisha kwa mifano ya marafiki wanaopendana na maadui wanaopigana. Kumbe chini ya miguu ya kila dereva wa matatu kuna sahani mbili ambazo kazi yao maishani ni kushikamana na kuachana, maelfu ya mara kwa siku katika msongamano wa magari.

Tazama pia utata ulioko katika agizo ambalo kila mwalimu wa udereva hulitoa: "Achilia klachi polepole." Kinachoachiliwa hapo ni pedali. Klachi yenyewe, kule ndani, inafanya kinyume: inashika. Mguu ukiachia, klachi inashika; mguu ukikanyaga, klachi inaachia. Nimewahi kumsikia mwanagenzi akigombezwa kwa saa nzima kwa sababu alidhani kwamba "kuachilia klachi" ni kuitenganisha na injini, yaani kukanyaga, kila alipoambiwa aachilie. Mwalimu wake alimwona mjinga. Mimi nilimwona kijana aliyeufuata mfumo wa chombo kwa uaminifu kuliko mwalimu wake, naye angetulizwa kwa neno moja tu lililokosekana: pedali.

Sasa tuingie katika magonjwa. Klachi ina magonjwa mawili makuu, nayo yanapingana kama usiku na mchana. La kwanza ni klachi isiyoshika. La pili ni klachi isiyoachia.

Klachi isiyoshika huteleza. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma kwa sauti ya juu, lakini mwendo hauongezeki kwa kadiri ya mngurumo huo. Dalili hii hujitokeza kwanza mlimani, gari likiwa na mzigo na likiwa katika gia ya juu, kwa sababu hapo ndipo klachi inapodaiwa nguvu nyingi zaidi. Hufuata harufu ya kitu kinachoungua, ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Sababu zaweza kuwa utando wa sahani umelika ukaisha, au mafuta yamevuja kutoka kwenye injini au giaboksi na kuilowesha sahani, au kebo imekazwa mno hata klachi haipati nafasi ya kushika sawasawa. Yupo pia yule dereva anayeegemeza mguu wake juu ya pedali safari nzima kana kwamba ni kigoda, na yule anayelizuia gari lisirudi nyuma kwenye mwinamo kwa kucheza na klachi badala ya kuvuta breki ya mkono. Hao hulipia mazoea yao.

Kipimo chake ni rahisi. Gari lisimamishwe mahali tambarare pasipo mtu wala kitu mbele yake, breki ya mkono ivutwe kikamilifu, gia ya nne iingizwe, kisha pedali iachiliwe taratibu huku mafuta yakikanyagwa kidogo. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea, klachi inateleza. Jaribio hili lisirudiwerudiwe, kwani kila mara linaiunguza sahani zaidi.

Klachi isiyoachia ni maradhi mengine kabisa. Dereva amekanyaga pedali hadi mwisho, lakini sahani bado inaburutwa na flaiwili. Gia zinagoma. Rivasi inalia kama msumeno uliopata msumari. Katika giaboksi nyingi, hasa za zamani, rivasi haina kile kifaa cha kulinganisha mwendo ambacho nitakieleza baadaye, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kulalamika. Kipimo cha maradhi haya ni chepesi kuliko hata kile cha kwanza: zima injini, kisha jaribu kuingiza gia zote. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na kukataa injini ikiwa hai, basi yamkini giaboksi haina hatia. Mkosaji ni klachi au kinachoiendesha: kebo iliyolegea, au mafuta yaliyopungua, au hewa iliyoingia katika mfumo wa mafuta, au mipira iliyochakaa ndani ya masta silinda au silinda ndogo iliyo karibu na giaboksi. Dereva akigundua kwamba akipiga pedali mara tatu au nne kwa haraka gia inaingia, amekwisha kumpa fundi nusu ya jibu: tatizo liko katika mafuta na silinda zake.

Nieleze sasa kwa nini naliona jambo hili kuwa la lugha. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, wa somo ambalo si Kiswahili, alipeleka gari lake gereji akasema, "Gia zimekufa." Hakusema zaidi, wala hakuulizwa zaidi. Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, akanunuliwa vipuri, akalipishwa kiasi ambacho kilimfanya acheleweshe karo ya mwanawe. Gari liliporudi barabarani, gia ziligoma vilevile. Fundi wa pili, kijana ambaye hakumaliza shule, alimuuliza maswali mawili: zinagoma hata injini ikiwa imezimwa? Na ukipiga pedali mara kadhaa inakuwaje? Kisha akainama, akaonyesha kidole kwenye silinda ndogo iliyokuwa ikitiririsha mafuta. Mpira mmoja ukabadilishwa, hewa ikatolewa, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Kitenzi "kufa" ndicho kilichomponza. Tumekifanya kuwa jibu la kila kitu. Betri imekufa, breki zimekufa, klachi imekufa, simu imekufa. Ni kitenzi kinachofunga mazungumzo, kwa sababu maiti haulizwi maswali. Anayesema "klachi imekufa" hajasema kama haishiki au haiachi, na baina ya mambo hayo mawili pana tofauti ya kushusha giaboksi na kuongeza mafuta kwenye kikopo.

Ninachokistaajabia zaidi ni jinsi fundi mahiri anavyotumia minyambuliko ya vitenzi. Muulize kuhusu klachi inayokaribia kuisha, atakuambia: "Inashikia juu." Hasemi "inashika" tu. Amekitia kitenzi kiambishi cha kauli ya kutendea, na kiambishi hicho kimebeba mahali ambapo tendo linatokea katika safari ya pedali kutoka sakafuni. Klachi inayoshikia juu kabisa, mguu ukiwa karibu kuachana na pedali, katika magari mengi ni ishara kwamba sahani imelika. Inayoshikia chini kabisa, karibu na sakafu, inakaribia kushindwa kuachia, na macho yaelekezwe kwenye kebo au mafuta. Inayoshikia katikati haina neno. Vitabu vyetu vya sarufi hueleza kwamba kauli ya kutendea huweza kuonyesha mahali, kisha hutoa mfano wa mtu anayelia chakula mezani, sentensi ambayo mwanafunzi huikariri na kuisahau. Huku kijana wa gereji ametambua umri wa klachi kwa vokali moja.

Au chukua sauti. Gari linalia, sawa, lakini linalia lini? Fundi atauliza: "Inalia ukikanyaga, au inalia usipokanyaga?" Sauti inayosikika dereva anapokanyaga pedali, na kutoweka anapoiachilia, kwa kawaida hutoka kwenye beringi ya klachi, kwa sababu hapo ndipo inapobeba mzigo. Sauti inayosikika gari likiwa halina gia na mguu ukiwa mbali na pedali, kisha ikanyamaza mara tu pedali inapokanyagwa, hutoka mara nyingi kwenye beringi ya mhimili unaoingia katika giaboksi, kwa kuwa kukanyaga kunausimamisha mhimili huo. Dereva anayesema "inalia" amesema habari ya huzuni tu. Anayesema "inalia nikikanyaga" ameielekeza spana. Katika utambuzi huu -ki- na -sipo- zinafanya kazi ambayo katika hospitali hufanywa na kipimo cha maabara.

Gia nazo zina vitenzi vyake. Kuna gia isiyoingia, gia isiyokaa, na gia isiyotoka. Isiyoingia tumekwisha kuigusa, ila niongeze kwamba ikiwa ni gia moja tu inayosaga, tuseme ya pili, na nyingine zote zinaingia bila kelele, tusiisingizie klachi. Klachi mbovu haichagui gia. Hapo linalotiliwa shaka ni lile pete, aghalabu la shaba ya manjano, ambalo mafundi huliita sinkronaiza. Kazi yake ni kuzilinganisha sehemu mbili zinazozunguka kwa kasi tofauti ili meno yake yakutane kwa amani. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka wa 1928 katika magari ya Cadillac ya Marekani. Kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na kuusikiliza mngurumo kwa sikio la mpiga zumari. Ndiyo sababu madereva wa zamani wa malori walihesabiwa kuwa mafundi kwa haki yao wenyewe.

Gia isiyokaa, ambayo wengine husema kwamba inaruka, ni ile inayoingia vizuri kisha ikajitoa yenyewe, hasa dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta au anapoteremka. Huenda vifaa vya ndani vinavyoishikilia vimechakaa, au vishikizo vya injini vimelegea na kuiacha giaboksi ikiyumba. Gia isiyotoka ni nadra zaidi, na nisingependa kuwachosha wasomaji kwayo.

Lakini hili la gia isiyokaa siwezi kulipita juu juu. Gari zito linaloteremka likiwa katika gia ya chini huzuiwa na injini yenyewe, na breki hupata kupumzika. Likiwa halina gia, mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto, na zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena. Kila Mkenya aliyesafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret anaijua sehemu ya Salgaa na Sachangwan, na anajua ni mara ngapi imetajwa katika habari za vifo. Miongoni mwa lawama zilizotolewa kwa miaka mingi ni mazoea ya baadhi ya madereva wa malori kuitoa gia kwenye mteremko huo ili kuokoa mafuta. Sasa fikiria lori ambalo dereva wake hajaitoa gia, bali gia imejitoa. Utingo aliyeketi kando amekuwa akiisikia ikiruka tangu juzi. Je, anayo sentensi ya kumwambia mwenye lori, au ataambiwa anyamaze kwa sababu amesema "gia ina shida kidogo"?

Najua pingamizi litakalotolewa. Nitaambiwa: mbona maneno yako yote ni ya Kiingereza kilichovishwa kanzu? Klachi, gia, giaboksi, pedali, silinda, beringi, springi. Hicho ndicho Kiswahili unachotaka tukifundishe?

Naam, ndicho. Neno usukani tulilipata kwa Waarabu, na kabla halijafika kwenye gari lilikuwa likiongoza majahazi. Gari lenyewe asili yake ni Bara Hindi. Meza tuliachiwa na Wareno, na hakuna anayekataa kulia chakula juu yake. Nomino hukopwa katika kila lugha iliyowahi kukutana na mtu mwenye bidhaa mpya. Tena watu wanapokopa hawaombi ruhusa. Hapa Kenya kwa miaka mingi abiria wameiita matatu ya viti kumi na vinne "Nissan", hata ikiwa imeandikwa Toyota Hiace mgongoni kwa herufi zinazosomeka umbali wa hatua hamsini. Kampuni haikushauriwa, wala mwanaisimu.

Siwabezi wanaobuni istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa mwaka wa 1967, limefanya kazi ya kuheshimika kwa orodha zake za Tafsiri Sanifu, na ziko taaluma ambazo bila jitihada za namna hiyo zisingesemeka kwa Kiswahili. Hata hivyo, mtu akija leo na pendekezo kwamba klachi iitwe kitenganishi cha mwendo, au jina jingine lenye urefu huo, nitampinga. Fundi hatalitumia, na atakuwa na haki. Upungufu wetu haupo katika nomino. Upo katika kudhani kwamba lugha ni orodha ya nomino, na kwamba tukishapata jina la kila nati tumemaliza kazi. Kiswahili hufanya kazi yake nzito ndani ya kitenzi. Neno la Kiingereza lililotuzalia klachi lenyewe maana yake ni kushika kwa nguvu. Kwa hiyo fundi wa Kariobangi anaposema "klachi haishiki" amelirudishia neno la kukopwa maana yake ya asili, bila kujua na bila kulipwa posho ya warsha.

Wala sitaki nionekane kuwapaka mafundi mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo wanaojificha nyuma ya maneno ya kigeni kama mganga anayejificha nyuma ya moshi. Mteja akiuliza kwa nini gari linasaga gia, anajibiwa "ni sinkronaiza" kwa sauti ya mtu aliyetoa hukumu, na neno hilo linamnyamazisha. Hajui kuuliza: ni gia zote au moja? Umejaribu injini ikiwa imezimwa? Mafuta ya klachi umeyatazama? Mwenye maswali hayo matatu haibiwi kwa urahisi, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji neno ambalo mtoto wa darasa la sita halijui.

Kijana anayekwenda chuo cha ufundi naye ana masaibu yake. Anafundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha anaingia kazini ambako mteja, bosi na mwenzake wanazungumza Kiswahili au Sheng. Anajua kuandika kanuni ya msuguano, lakini dereva akimwambia kwamba klachi "inashikia chini na ukiipiga inakubali", anaona ameambiwa fumbo. Kwa upande wa pili, yule aliyejifunza uvunguni mwa magari kwa miaka ishirini anaielewa sentensi hiyo mara moja, lakini akipewa karatasi ya mtihani hawezi kuonyesha anachokijua. Tumewapa watu wawili nusu ya elimu kila mmoja, halafu tukajenga ukuta wa lugha katikati yao. Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kuandikiwa mwongozo wa kurekebisha kebo ya klachi ni rasmi kwa ajili ya hotuba tu.

Na je, sisi walimu? Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, tumekuwa na nafasi ya kulitenda hili kila wiki. Tunafundisha isimujamii. Tunafundisha sajili. Lakini tunazifundishaje? Mwanafunzi hukariri kwamba sajili ya hospitalini hutumia msamiati wa dawa, ya mahakamani hutumia msamiati wa sheria, ya michezoni hutumia chuku, na kwamba karibu zote huchanganya ndimi. Akipata alama zake anafunga daftari. Hajapewa kamwe sentensi halisi ya mtu anayefanya kazi na kuulizwa: kiambishi hiki kimeongeza habari gani? Kikiondolewa, kazi itaharibika wapi? Mtaala wa umilisi umekuja na ahadi kwamba mwanafunzi atajua kutenda na si kukariri tu. Ikiwa ahadi hiyo ina ukweli, basi somo la Kiswahili lisiwe la mwisho kuitimiza.

Sipendekezi kitabu kipya, kwa maana tunajua safari ya vitabu vipya na nani hufaidika. Napendekeza swali moja, ambalo mwalimu yeyote wa shule ya upili anaweza kuliandika ubaoni Jumatatu asubuhi. Madereva wanne wamefika kwa fundi. Wa kwanza anasema, "Klachi yangu inashikia juu na mlimani injini inanguruma bure." Wa pili anasema, "Gia haziingii injini ikiwa hai, ila nikizima zinaingia." Wa tatu anasema, "Gia ya tatu inaingia lakini haikai." Wa nne anasema, "Klachi imekufa." Mwanafunzi aeleze kila dereva amempa fundi habari gani, amempa kwa kiambishi au kitenzi kipi, na fundi aanzie wapi kutazama. Kwa yule wa nne, mwanafunzi aandike maswali matatu ambayo fundi anapaswa kumuuliza kabla ya kuchukua spana. Alama ishirini. Na iwapo darasani mna mtoto ambaye baba yake au shangazi yake anafanya kazi gereji, aruhusiwe kulipeleka swali hilo nyumbani na kuleta majibu yao, hata kama yatatofautiana na ya mwalimu.